Jinsi ya kuzuia programu zisizoruhusiwa kwenye kompyuta za umma

Kompyuta yako binafsi unaijua. Ikichelewa kuwaka, au ikitokea alama ngeni pembeni mwa skrini, unashtuka na kujiuliza kulikoni. Kompyuta ya maktaba, ya maabara ya shule, ya ukumbi wa hoteli au ya kafe ya intaneti haina mtu wa kushtuka hivyo. Aliyeketi saa nne hajui ilikuwaje saa tatu. Programu iliyowekwa na mtu mmoja asubuhi inaendelea kumwathiri kila atakayeketi baada yake, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye cha kulinganisha.

Ndiyo maana kuwinda programu mojamoja ni kazi isiyoisha. Kinachosaidia kweli ni mambo mawili: mtumiaji asiwe na uwezo wa kuweka wala kuendesha kitu ambacho hakijaruhusiwa, na mashine irudi katika hali yake safi kabla mwingine hajakaa. Nimeandika kwa ajili ya msimamizi wa kompyuta hizo, awe fundi au mhudumu aliyekabidhiwa tu funguo za chumba. Sehemu ya mwisho ni ya mtumiaji. Mifano ni ya Windows.

Hatari ilivyo

Mwaka 2003 kijana mmoja alikiri mahakamani New York kwamba aliweka programu ya kunasa vibonyezo kwenye kompyuta za kukodi katika maduka ya kudurufu nyaraka. Kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi iliandikwa na kumfikia yeye. Alikusanya majina ya akaunti na nywila zaidi ya 450, na mchezo huo ulikwenda karibu miaka miwili.

Julai 2014 idara ya Secret Service ya Marekani ilizitahadharisha hoteli kuhusu mbinu ileile. Watu walikaa kwenye kompyuta za wageni, wakafungua barua pepe zao wenyewe, wakapakua humo programu hasidi, wakaisakinisha na kuondoka. Kuanzia hapo kila mgeni aliyeingia kwenye akaunti ya benki au ya barua pepe alikuwa anawaandikia wao. Tahadhari ile ilisema wazi kuwa uhalifu huo haukuhitaji ustadi mkubwa, wala haukutumia udhaifu wowote wa kivinjari au wa mfumo endeshi. Mashine ilimruhusu yeyote kuweka chochote, basi.

Si kila programu isiyoruhusiwa huwekwa na mwizi, na hili wasimamizi wengi hulisahau. Mwanafunzi anaweka mchezo. Mteja anataka kupakua video. Mfanyakazi anaweka AnyDesk ili rafiki yake amsaidie kwa mbali, kisha anaacha humo nywila ya kudumu, na mashine inabaki na mlango unaofunguka kutoka popote duniani. Nia haikuwa mbaya, ila madhara ni yaleyale. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyojiwekea cheti chake cha usalama ndani ya Windows ili iweze kuingilia kurasa zilizosimbwa, yaani zilizofungwa ili wengine wasizisome. Ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, hivyo aliyeupata aliweza kumwonyesha mtumiaji ukurasa bandia wa benki na kivinjari kisilalamike.

Halafu kuna kraki. Mtu anashusha kifurushi cha kuamilisha Windows au Office bila leseni, anaelekezwa azime antivirusi kwanza, naye anatii. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary walieleza jinsi vifurushi vilivyojiita KMSPico vilivyokuwa vikisambaza CryptBot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja huo ni msiba wa mtu mmoja. Kwenye kompyuta ya umma, hesabu watu wanaopita hapo kwa wiki.

Hatua ya 1: Andika kinachoruhusiwa

Bila orodha huwezi kusema kipi ni kigeni. Chukua daftari au jedwali, andika kila programu inayotakiwa kuwepo: jina, toleo, ilikopakuliwa, na kazi inayofanya. Andika pia viendelezi vya kivinjari, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake. Mara nyingi jibu sahihi hapo ni sifuri. Orodha iwe fupi. Kivinjari, programu za ofisi, kisoma PDF, kicheza video na kifungua faili zilizobanwa vinatosha kwa sehemu kubwa ya watu.

Kupata orodha ya vilivyomo sasa, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kisha andika:

`winget list > orodha.txt`

Utapata faili yenye majina ya programu zilizosakinishwa. Fanya hivyo kwenye mashine safi, hifadhi faili, kisha rudia kila mwezi na ulinganishe. Kumbuka tu kwamba orodha hiyo haitaji programu zinazoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi au folda ya vipakuliwa bila kusakinishwa.

Hapohapo weka utaratibu wa kuomba programu. Kipande cha karatasi ukutani au anwani ya barua pepe, na jibu la haraka. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanaovunja sheria za maabara wana faili inayogoma kufunguka na muda unawaishia. Ukimkatalia bila kumpa njia nyingine, ataitafuta kraki. LibreOffice (kazi za ofisi), VLC (video) na 7-Zip (faili zilizobanwa) ni za bure, ni halali, na zinaondoa visingizio vingi kwa mkupuo.

Hatua ya 2: Kagua kilichopo

Anza nyuma ya mashine, kabla hujagusa kipanya. Fuata waya wa kibodi mpaka unapochomekwa. Kama katikati kuna kidude kidogo kama flashi, kinaweza kuwa kifaa cha kunasa vibonyezo. Hakina programu yoyote ndani ya Windows, kwa hiyo hakuna antivirusi itakayokiona. Mwaka 2011 vidude vya namna hiyo vilikutwa nyuma ya kompyuta za maktaba za umma huko Cheshire, Uingereza. Ukikipata, usikitupe. Piga picha, kiweke kando, wajulishe wakubwa wako na polisi.

Kisha washa mashine na ubonyeze Ctrl+Shift+Esc. Kwenye Task Manager nenda sehemu ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Usitazame jina peke yake. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ufungue mahali faili ilipo. Jina linadanganya kirahisi. Mfano mzuri ni svchost.exe, faili halali ya Windows. Iliyo halali inakaa ndani ya C:\Windows\System32. Ukikuta jina hilohilo ndani ya AppData au Temp, au limeandikwa scvhost kwa kugeuza herufi mbili, hiyo si ya Windows. Mfumo hauna sababu ya kuweka moyo wake kwenye folda ya vitu vya muda.

Ukitaka kuona zaidi, tumia Autoruns, programu ya bure ya Microsoft. Inaonyesha kila kitu kinachojianzisha: huduma, kazi zilizopangiwa muda, viongezo vya Explorer, ile programu ya Windows ya kuonyesha mafaili. Ficha vilivyosainiwa na Microsoft, ubaki na vichache vya kuchunguza.

Mambo mengine ya kupitia kabla hujaondoka kwenye mashine:

- Viendelezi vya kila kivinjari. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona ukurasa baada ya usimbaji kufunguliwa. Alama ya kufuli kwenye anwani haimzuii aliye ndani ya kivinjari.
- Mipangilio ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitishiwa mawasiliano ya intaneti. Kama taasisi haitumii proksi, hapo pawe patupu.
- Faili ya hosts ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, ambayo inaweza kulielekeza jina la tovuti kwenye anwani nyingine. Kwenye Windows mpya mistari yake yote huanza na alama ya #. Mstari usio na alama hiyo, hasa wenye jina la benki au la huduma ya barua pepe, uliongezwa na mtu au na programu.
- Vyeti vya mizizi, ambavyo Windows huvitegemea kuamua tovuti ipi iaminiwe, kwa amri certmgr.msc, ukilinganisha na mashine unayoiamini.

Hatua ya 3: Ukikuta kitu

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Andika ulichokikuta, jina, folda na tarehe ya faili. Tarehe hiyo inaweza kukuonyesha tangu lini, ingawa programu nyingine huibadilisha. Usiishie kuondoa programu kwa kubofya. Inayonasa nywila mara nyingi huwa imeita wenzake, na huwezi kuapa kwamba umewamaliza wote. Futa diski, sakinisha upya kutoka kwenye chanzo cha Microsoft, na ubadilishe nywila zote za usimamizi ukitumia kompyuta nyingine.

Baada ya hapo waambie watu. Hapa ndipo taasisi nyingi hunyamaza kwa kuogopa aibu, na ukimya huo unaumiza kuliko programu yenyewe. Anayeambiwa leo kwamba alitumia mashine yenye tatizo atabadilisha nywila yake leo. Asiyeambiwa atajua siku akaunti itakapokuwa imekwisha. Tangazo lililobandikwa mlangoni, lenye tarehe na namba za mashine, linatosha kuanzia.

Hatua ya 4: Ondoa mamlaka

Kila kompyuta ya umma iwe na akaunti mbili. Ya msimamizi inatumika kwa matengenezo tu. Ya watumiaji ni ya kawaida, isiyo na uwezo wa kusakinisha programu za mfumo. Nimeona vyumba vizima ambavyo kila mashine inawaka moja kwa moja kwenye akaunti ya msimamizi isiyo na nywila, kwa hoja kwamba inaondoa usumbufu. Usumbufu unaondolewa kwa kila mtu, pamoja na anayekuja kuweka programu ya wizi.

Nywila ya msimamizi isiwe moja kwa mashine zote. Ikinaswa kwenye mashine moja, zote zimekwenda. Windows LAPS, iliyomo ndani ya Windows tangu masasisho ya Aprili 2023, huipa kila mashine nywila yake na kuibadilisha kwa ratiba, ila inataka mtandao wenye usimamizi wa pamoja wa Microsoft. Kama mashine zako ni chache na hazina usimamizi huo, andika nywila tofauti kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Na usiiandike kamwe nywila hiyo kwenye mashine unayoishuku. Zima, futa, anza upya.

Hatua ya 5: Zuia kuendesha, si kusakinisha tu

Wengi huishia hatua ya 4 wakidhani wamemaliza. Kumbe programu nyingi hazihitaji ruhusa ya msimamizi kabisa. Zinajiweka ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye AppData, na kufanya kazi zake zote humo. Kivinjari cha Chrome chenyewe kinaweza kusakinishwa kwa njia hiyo, na programu hasidi inajua mlango huohuo.

Dawa yake ni kuiambia Windows isiendeshe faili yoyote iliyo mahali ambapo mtumiaji anaweza kuandika. AppLocker, zana ya Windows yenyewe, hufanya hivyo. Ukitengeneza kanuni zake za msingi, watumiaji wa kawaida wataweza kuendesha vilivyomo ndani ya Program Files na Windows, na msimamizi ataendesha vyote. Kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika ndani ya Program Files, alichokipakua hakitafunguka. Hakikisha huduma ya Application Identity inaanza yenyewe, la sivyo kanuni zitabaki maandishi matupu. Anza na hali ya kukagua bila kuzuia kwa wiki moja au mbili, usome kumbukumbu zake uone ungewazuia nani, ndipo ufunge kabisa.

Viendelezi navyo vifungiwe. Chrome na Edge vina sera iitwayo ExtensionInstallBlocklist. Ukiipa thamani ya nyota, hakuna kiendelezi kitakachoingia isipokuwa ulichokiorodhesha kuwa halali. Zima pia uhifadhi wa nywila kwenye kivinjari. Nywila ambayo haikuhifadhiwa haiwezi kukombwa kutoka kwenye kivinjari.

Hatua ya 6: Mashine ijisafishe

Hata kwa ulinzi wote huo, kitu kitapenya. Programu za kurudisha hali ya awali, kama Deep Freeze, huacha mtumiaji afanye anachotaka, kisha zinatupilia mbali mabadiliko yote mashine ikiwashwa upya. Windows za Enterprise na Education zina kichujio chao cha namna hiyo kiitwacho Unified Write Filter.

Kuna mitego mitatu. Kwanza, usafi unakuja baada ya kuwasha upya, si kabla. Mashine ikikaa hai kuanzia asubuhi hadi jioni, wateja wote wa siku hiyo wanashiriki hali moja. Iwashwe upya kila mtu anapoondoka. Pili, ukiigandisha mashine ikiwa tayari imeambukizwa, umeugandisha na ugonjwa, kwa hiyo hatua ya 2 hairukwi. Tatu, masasisho ya Windows na ya antivirusi nayo hutupwa kila inapowashwa upya, mpaka upange saa ya usiku ya kuifungua, kusasisha na kuifunga tena. Hili la tatu si dogo. WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilipovuma tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kuuziba udhaifu ilioutumia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Na kama mashine zako bado ni za Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Weka nywila kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, na uzuie kuwasha mashine kwa flashi. Mtu akiweza kuwasha mfumo wake mwenyewe kutoka kwenye flashi, kanuni zote za Windows hazimhusu.

Hatua ya 7: Flashi

Conficker, programu hasidi iliyoanza kusambaa mwishoni mwa 2008, ilitumia pia flashi, kwa kutegemea Windows kufungua yenyewe kilichochomekwa. Microsoft iliizima tabia hiyo kwa flashi, na kwa matoleo ya zamani kupitia sasisho la Februari 2011. Kilichobaki ni virusi vya shotikati (alama ya njia ya mkato ya kufungulia faili), ambavyo vinategemea mkono wa binadamu.

Vinavyoonekana ni hivi. Mteja anachomeka flashi, anaifungua, na badala ya mafaili yake anakuta alama moja yenye jina la flashi yenyewe na mshale mdogo kwenye kona. Ukubwa ni kilobaiti moja au mbili. Anabofya, dirisha linafunguka, mafaili yote yapo, anashukuru Mungu. Kumbe mafaili yalifichwa kwenye folda isiyoonekana, na ule mbofyo umeendesha kwanza programu, ndipo ukamfungulia folda. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inapata shotikati yake.

Usibofye. Kwenye mashine iliyosasishwa, chunguza flashi kwa antivirusi, futa shotikati, kisha fungua dirisha la amri uandike yafuatayo, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Mafaili yaliyofichwa yatatokea. Futa yanayoishia .vbs, .js au .exe ambayo mwenye flashi hayajui. Kwenye mashine zote, weka Explorer ionyeshe miisho ya majina ya faili, kwa sababu bila hivyo "Barua.pdf.exe" inaonekana "Barua.pdf" na hata mtu makini ataibofya. Mahali penye kazi nyingi za kuchapa, tenga mashine moja ya kupokea flashi na isifanye kingine.

Kwa mtumiaji

Ukikaa kwenye kompyuta usiyoijua, chukulia kwamba kila unachobonyeza kinasomwa. Usifungue benki wala pesa za simu. Dirisha la faragha la kivinjari linafuta tu historia na kumbukumbu za kivinjari. Halimzuii anayenasa vibonyezo. Kibodi ya kwenye skrini nayo haikuokoi, kwa sababu programu nyingi za aina hiyo hupiga picha za skrini pia. Usiandike kamwe nywila kuu ya programu inayotunza nywila zako zote.

Uthibitisho wa hatua mbili, unaodai msimbo baada ya nywila, unasaidia sana, maana nywila iliyoibwa peke yake haitafungua akaunti. Lakini programu hasidi inaweza kuiba vidakuzi vya kivinjari, yaani vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba wewe ni nani, ukiwa tayari umeingia, na hivyo kuruka nywila na msimbo vyote. Kwa hiyo toka kwenye akaunti kwa kitufe cha kutoka. Kufunga dirisha hakutoshi. Kama ulitumia WhatsApp kwenye kivinjari, fungua simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe kile cha kompyuta hiyo kabla hujainuka kwenye kiti.

Ukilazimika kuingia kwenye akaunti ya maana, ukishapata kifaa unachokiamini anza na barua pepe, kwa kuwa nywila za akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Badilisha nywila, chagua kutoka kwenye vifaa vyote, angalia kama kuna kanuni ya kupeleka nakala za barua kwa anwani usiyoijua, halafu hamia kwenye akaunti nyingine ulizofungua siku hiyo.